Nukta ya Wino

Kikombe kilianguka kwanza, ndipo kikabingirika. Mourine alikisikia gizani kikikwaruza saruji kwa mdomo wake uliobonyea, kikizunguka, mpaka kikagonga mguu wa meza na kunyamaza.

"Mama, stima imepotea," sauti ndogo ikasema kutoka kando ya kitanda.

"Imepotea, mama. Usitembee. Ngoja niwashe mshumaa."

Ilikuwa saa moja na nusu tu ya jioni, lakini mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilikuwa zimelimeza jua tangu alasiri, na kila zikipiga ngurumo mbili tatu mtaa wote wa Umoja ulizimika. Mourine alipapasa rafu, akakipata kibiriti nyuma ya mkebe wa chumvi. Mwanga ulipokaa sawa ulimwonyesha binti yake wa miaka mitatu na nusu, amesimama vidole vikichuruzika chai, uso ameukunja akingoja kukemewa.

"Sikukiona," Khavere akasema.

"Nani angekiona kwenye giza hili? Njoo nikupanguse."

Alisema hivyo kwa kuwa ndivyo mama husema. Lakini kikombe alikuwa amekiweka mkono wa kushoto wa mtoto, na cha jana pia kilikuwa mkono wa kushoto, na cha Jumapili kiliangushwa saa sita mchana, mlango wazi, jua likimulika mpaka uvunguni. Mourine alikuwa ameanza kuvihesabu vikombe bila kujua anahesabu nini.

Alipangusa chai haraka, kwa sababu juu ya meza ile ile, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mara mbili, kulikuwa na vitu ambavyo havikuwa vyake. Kamera mbili, flashi moja, na taa ya kurekodia video iliyokunjwa pamoja na miguu yake mitatu. Zilitakiwa kurudi dukani Jumanne.

Akina mama kumi na wawili wa kanisani walikuwa wamechanga miaka miwili. Wengine katika kikundi walitaka kununua viti vya kukodisha, wengine hema, lakini mwenyekiti wao, Adhiambo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Clare, alisema viti kila mtu anavyo na harusi zote za huku Eastlands zinapigwa picha na wanaume wawili wa mtaa wa Jericho ambao hufika wamelewa. Wakaamua kamera. Na kwa kuwa Mourine peke yake ndiye aliyekuwa amesoma upigaji picha, miezi sita ya masomo ya jioni katika ukumbi wa jamii, akitoka kazini kwenye kibanda cha kushonea sare na kumwacha mtoto kwa jirani, wakamtwika yeye jukumu la kuchagua. Atakayechagua ndiye atakayeishika, wakasema. Kwa Mourine hiyo ilikuwa kazi ya kwanza maishani ambayo hakuiomba kwa kupiga magoti.

Bwana Matheka, mwenye duka la kamera mjini, mtu wa maneno mengi na miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyemkopesha vitu vya kujaribu.

"Kamera ya bei ya juu sikuuzii," alimwambia. "Mtapiga harusi miaka mitano mkiilipia kamera, na waliooana watakuwa wameshaachana. Hii ndogo ya otomatiki nayo sikushauri, lakini chukua, uone mwenyewe. Yako ni hii ya katikati. Imetumika, ndiyo, lakini lenzi yake inatoka, mwanga unaupima wewe mwenyewe, na flashi yake haijagandishwa usoni. Inageuka."

"Na video?"

"Video kodisheni siku ya kazi. Nunueni taa. Taa mbaya hata kwenye kamera nzuri inamtoa bwana harusi kama mwizi aliyemulikwa na tochi."

Mama Clare hakuipenda habari hiyo. Yeye alitaka ile video kubwa. "Watu wakiona kamera imebebwa begani kama jeneza," alisema, "wanajua kazi ipo." Kwa hiyo Mourine alijua hatawashinda kwa maneno. Angehitaji picha mkononi.

Alhamisi mvua ilipumzika kidogo. Mourine alimkalisha Khavere kwenye kibao mbele ya ukuta, akamfunika mabegani kwa shuka jeupe. Mwalimu wake wa jioni, Bwana Ndung'u, alikuwa amewafundisha hivyo. Kamera ya otomatiki ikiona gauni jeupe hudhani dunia yote imejaa mwanga, huubana mlango wake wa mwanga, na uso wa bibi harusi hutoka kama mkaa. Kwa hiyo ukitaka kuijaribu kamera, weka uso mweusi na nguo nyeupe pamoja, umbali ule ule, siku ile ile, uandike kila kitu.

"Mimi ni bibi harusi?" Khavere akauliza.

"Wewe ndiye. Tulia sasa. Nitazame mimi."

"Nakutazama."

Alikuwa amegeuza uso kidogo upande. Mourine alimnyoosha kidevu kwa vidole viwili, akarudi nyuma, akapiga. Kamera ndogo, mara nne. Ya katikati na flashi imetazama mbele, mara nne. Ya katikati na flashi imegeuzwa juu, mwanga ugonge dari lililopakwa chokaa na kushuka taratibu, mara nne. Mwisho akawasha ile taa ya video kwa pembeni, akapiga nyingine nne bila flashi kabisa. Yote akayaandika kwenye daftari lake la masomo, kwa mwandiko wa kunyooka.

Ijumaa Matheka aliziosha filimu na kuzitandaza picha juu ya kioo cha kaunta.

"Unaona takataka hii?" Alikuwa amechukua ile ya kamera ndogo. "Uso umekuwa giza, shuka limeungua kwa mwanga, na jicho limeharibika. Tazama. Jeupe kama la paka."

Mourine akatazama. Jicho la kulia la Khavere lilikuwa na nukta nyekundu katikati, ile ambayo kila mpiga picha anaijua. La kushoto halikuwa jekundu. Mboni yote ilikuwa nyeupe na inang'aa, kama kigae cha sahani.

"Flashi yake imekaa karibu mno na lenzi," Matheka akaendelea. "Ndiyo maana ni rahisi."

Kwenye picha za kamera ya katikati, flashi ikitazama mbele, weupe ulikuwepo bado, mdogo kama punje ya mchele. Kwenye zile ambazo mwanga ulipigwa darini haukuwepo. Wala kwenye zile za taa ya pembeni. Macho mawili meusi, mazuri, yamemeta kidogo juu, na shuka lina mikunjo yake yote, na mashavu ya Khavere yana ile rangi yake ya udongo uliolowa.

Mourine alifurahi. Baadaye, katika mambo yote, hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine: kwamba alisimama pale kaunta akafurahi, akasema, "Basi ni hii ya katikati," kama mtu aliyepona.

Kwa maana hakuwa anauona weupe ule kwa mara ya kwanza. Pasaka iliyopita alimpiga Khavere picha kwa kamera ya kuazima, amevaa kofia ya kufuma, na picha ilipotoka jicho la kushoto lilikuwa na doa jeupe. Mourine alifanya kile walichofundishwa. Alichukua kalamu ya wino mweusi yenye ncha nyembamba, ile ya kufutia macho mekundu kwenye picha za wateja, akaweka nukta moja ndogo, safi, katikati ya jicho. Bwana Ndung'u aliisifu kazi ile mbele ya darasa. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani tangu siku hiyo, juu ya kitanda.

Pasaka pia ilikuwa kamera ya otomatiki, akajiambia akirudi nyumbani na bahasha kifuani, isilowe. Otomatiki zote ndivyo zilivyo.

Jumamosi kikundi kilikutana kwa Mama Clare, nyumba ya tatu kutoka ya Mourine. Alizipanga picha mezani, akawaeleza mwanga wa mbele na mwanga wa darini, akawaonyesha shuka lililoungua na shuka lenye mikunjo. Akina mama walizipokezana wakizishika kingoni kama walivyoambiwa.

"Hii imemtoa kama mtoto wa waziri," Mama Clare akakubali hatimaye. "Haya. Ya katikati, pamoja na hiyo taa. Jumanne saa nne tukutane dukani sote, tulipe, tupige picha ya kikundi. Asiyefika asije kulia." Kisha akachukua andazi kwenye sahani, akalinyoosha. "Na bibi harusi wetu ale."

Khavere alikuwa ameketi kwenye mkeka. Andazi lilikuja kutoka kushoto kwake, likakaa hewani karibu na sikio lake, na yeye akabaki anacheza na kifuniko cha chupa.

"Unamwona huyu?" Mama Clare akawaambia wenzake. "Siku hizi anaringa. Namnyooshea chakula hanitazami. Halafu akikutazama lazima ageuze shingo hivi, kama kuku aliyeona punje." Akageuza shingo, akalegeza jicho moja, na nyumba nzima ikacheka, maana Mama Clare alijua kuigiza.

Mourine naye alianza kucheka. Kisha akamtazama mtoto. Khavere, aliposikia vicheko, aligeuza uso wake wote kuelekea kushoto ili ajue kuna nini, akageuza zaidi ya inavyohitajika, mpaka jicho la kulia likalipata andazi. Ndipo akatabasamu na kunyoosha mkono.

Jioni hiyo, mtoto akiwa anakula ugali wake, Mourine alifungua daftari la masomo. Ukurasa wa macho mekundu ulikuwepo, na mchoro wake. Mwanga wa flashi unaingia kwenye mboni, unagonga nyama ya nyuma yenye damu, unarudi kwenye lenzi. Ukiisogeza flashi mbali na lenzi, mwanga hurudi kwingine, wekundu hauonekani. Hauonekani, Mourine akasoma tena. Bwana Ndung'u hakuwa amesema kwamba haupo.

Alichukua picha ya kamera ndogo akaisogeza karibu na mshumaa. Flashi moja, filimu moja, sekunde moja. Kulia mwanga umeingia umerudi mwekundu. Kushoto umeingia, umegonga kitu, umerudi mweupe. Kamera haina akili ya kuchagua jicho.

Aliinua macho ukutani, kwenye kofia ya kufuma na nukta yake safi ya wino, na kwa muda hakuweza kusikia mtoto anamwambia nini.

"Nimeshiba, Mama. Mama. Nimeshiba."

Jumapili baada ya ibada alimwomba Mama Clare amwazime binti yake kwa dakika tano. Katika kamera ndogo Matheka alikuwa ametia kipande kingine cha filimu siku ya Ijumaa. Aliwakalisha Clare na Khavere bega kwa bega mbele ya ukuta ule ule, umbali ule ule. Aliiegemeza kamera kwenye mgongo wa kiti isitikisike.

"Tabasamuni," akawaambia, na mwenyewe alikuwa akiomba kwa nguvu zake zote, akisema, Mungu, fanya kamera hii iwe mbovu. Iharibu macho yote manne. Nitamlipa Matheka kamera yake, nitashona sare mpaka nizeeke, lakini iwe mbovu.

Jumatatu asubuhi, dukani, Matheka aliitoa picha akaiweka kaunta. Alikuwa amefungua mdomo aseme utani wake wa kawaida, akaufunga. Kulikuwa na macho manne. Matatu yalikuwa mekundu, na moja jeupe.

"Huyu mtoto mwingine ni wa nani?" akauliza.

"Wa jirani."

"Na kamera ni hii hii."

"Ni hiyo hiyo."

Matheka alivua miwani yake yenye uzi, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akatazama tena. "Mama," akasema polepole, "hii si kazi ya duka. Mpeleke mtoto."

Alimpeleka saa ile ile kwenye zahanati ya karibu na nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wengi wa malaria na wa kuhara, wale wa nyumba zilizoingiwa na maji. Muuguzi alimvuta Khavere kope ya chini, akamwachilia.

"Jicho liko sawa. Haliumi, halitoi usaha. Una haraka ya nini?"

"Tazama picha, dada. Tafadhali."

Muuguzi aliitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuza mitumba ofisini. "Mama, wewe ni wa kamera ama ni wa mtoto? Kamera yako imeharibika, unaniletea mimi niitengeneze?" Waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kwa uchovu. Akampa tyubu ya dawa ya kupaka, mara tatu kwa siku. "Anayefuata."

Mourine hakusogea. "Huyu mwingine amepigwa na kamera hiyo hiyo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakuondoka. "Macho yake ni mazima. Niandikie barua ya kliniki ya macho. Ukiniandikia nitakuondokea."

Labda ni kwa sababu foleni ilikuwa imeanza kunung'unika, labda ni kwa sababu ya machozi ambayo Mourine mwenyewe hakujua yanamtoka. Muuguzi aliandika mistari miwili, akapiga muhuri. "Wagonjwa wapya wanaonwa huko Jumanne peke yake. Uwe pale saa kumi na mbili asubuhi."

Jumanne ilikuwa kesho.

Andati, mumewe, alirudi jioni kutoka kiwanda cha sabuni ambako alikuwa kibarua, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Mourine alimpa picha bila kumpa chakula kwanza. Aliishika muda mrefu chini ya balbu, akalifunika jicho lile kwa kidole gumba, akaondoa kidole, akafunika tena.

"Mimi nilidhani ni mchezo," akasema. "Nikimjia upande huu wa kushoto nampata. Kila siku. Nanyemelea, namshika mbavu, anashtuka, anacheka." Akaketi kitandani na viatu vyake mkononi. "Nilimwambia hata fundi wetu kazini, binti yangu nampata kila siku upande mmoja."

Khavere aliimba wimbo wa shule ya Jumapili, akichora mistari kwenye shuka kwa kifuniko chake cha chupa.

Kabla ya saa tatu Mourine alikwenda kwa Mama Clare na mfuko wa plastiki, umefungwa fundo mara mbili, na karatasi ya daftari.

"Kesho sitakuja dukani," akasema. "Nimeandika kila kitu. Chukueni ya katikati, mkague sauti ya shata, kile kilango cha mwanga, kwa spidi zote kabla ya kulipa, lenzi muitazame kwenye mwanga isiwe na ukungu. Taa iwashwe robo saa, isizime. Ile ndogo mrudishieni."

Mama Clare alikuwa anachambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa. "Mourine, nilisema asiyefika asije kulia. Nilisema mbele yako. Kesho ukikosa, watampa kamera Mama Kweyu, na huyo hajui mbele na nyuma ya lenzi. Miaka miwili tumejinyima. Kuna nini kubwa kesho?"

Mourine akaweka picha juu ya majani ya sukuma.

Mama Clare alimwona kwanza binti yake, akatabasamu kidogo. Kisha akaona yule wa pili. Kisu kilisimama. Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza barabara zilizofungwa na maji, moja baada ya nyingine, na Mama Clare akasikiliza mpaka wa mwisho kama aliyesahau amekaa na mtu.

"Mimi nilimwita kuku," akasema.

"Usiseme hivyo, Mama Clare."

"Nilimwita kuku mbele ya watu, nikawachekesha vizuri." Akafuta mikono kwenye leso, akachukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. "Nenda. Nitawasomea neno kwa neno. Na atakayesema Mama Kweyu, tutaonana naye." Mlangoni akamwita tena, akampa mwavuli wake, ule mzuri wa kanisani.

Kliniki ya macho ya hospitali kuu ilikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya miaka mingi. Mwanga ulikuwa mwingi mle ndani kuliko mahali popote alipowahi kupiga picha Mourine. Taa ndefu sita darini, zote zinawaka, na madirisha makubwa upande wa mashariki, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, jua lilikuwa limetoka na kulala sakafuni kama mikeka. Bila kutaka alijikuta anaupima. Angeweza kumpiga mtu hapa bila flashi, bila taa, na kila unywele ungeonekana.

Waliitwa chumbani kwa daktari karibu saa tano. Wakati huo kikundi kilikuwa dukani kwa Matheka, labda wakijipanga kwa picha, wafupi mbele. Khavere alikuwa ametiwa matone machoni na kuambiwa angoje, akawa anasugua uso wake kwenye gauni la mama.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Warigia, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watoto waliolala. Mourine alikuwa amejiandaa kubishana. Alikuwa na maneno yake tayari, ya kamera na ya macho manne, ameyarudia njia nzima. Hayakuhitajika. Alipoziweka picha mezani, daktari aliinama, akaacha kuandika.

"Nani amepiga hizi?"

"Mimi."

"Kwa kamera moja?"

"Hizi kwa ndogo. Hizi kwa ya katikati. Hapa nimegeuza flashi, ndiyo maana huoni kitu. Nimeandika nyuma."

Daktari alizigeuza, akasoma mwandiko ule wa kunyooka. Kisha akafikia ile ya mwisho, ya kofia ya kufuma, ambayo Mourine aliing'oa ukutani alfajiri. "Na hii?"

"Ya Pasaka."

"Hapa jicho ni jeusi."

"Ni wino," Mourine akasema. Aliyaona maneno yanatoka na hakuyazuia. "Lilikuwa jeupe. Nikalipaka wino. Nilidhani ni kosa la picha, daktari, nilifundishwa kulifuta, na nililifuta mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Daktari alichovya pamba kwenye spiriti, akaisugua juu ya jicho lile taratibu, kama anayemsafisha mtoto mwenyewe. Wino ukayeyuka ukawa kijivu, ukaondoka. Chini yake, miezi minane, lilikuwa limekaa lile doa jeupe, dogo, likingoja.

Kisha akamketisha Khavere kwenye mapaja ya mama, akazima taa ya meza, akamwangalia kwa kifaa chake chenye mwanga mwembamba. Jicho la kulia, haraka. La kushoto, muda mrefu. Muda mrefu tena. Mourine alihesabu pumzi za mtoto mgongoni mwake kwa kiganja.

"Nitakwambia kama mtu mzima kwa mtu mzima," daktari akasema alipoketi. "Kuna uvimbe ndani. Tutampima zaidi wiki hii, hatutangoja. Jicho hili tunaweza kulipoteza. Inaelekea tutalitoa, ili uvimbe usienee mwilini. Lakini wengi huniletea likiwa limeshavimba nje, na hapo mimi sina la kufanya ila kushika mkono wa mama. Hili bado liko ndani. La kulia ni safi. Unanisikia? Mtoto huyu nataka nimwone akienda shule."

"Kama ningemleta Pasaka..."

"Umemleta leo," daktari akasema. "Hakuna aliyewahi kuniletea ushahidi uliopangwa hivi. Hizi nitakuomba nikae nazo."

Mourine akaitikia kwa kichwa. Hakujua kama kilichomjaa kifuani ni matumaini au ni kilio kilichokosa mlango. Alijua tu kwamba ametoka kuambiwa achague kati ya jicho na mtoto, na kwamba bado kulikuwa na cha kuchagua.

"Jambo moja la mwisho, niliandike," daktari akasema, akachukua kadi nyeupe mezani. Akawasha taa ya meza tena. Juu ya chumba kile zilikuwa zinawaka taa nne, na dirishani jua lilikuwa limepanda mpaka magotini mwao, linamulika picha, tyubu ya dawa, mwavuli wa Mama Clare, vumbi lenyewe hewani. "Khavere, mrembo, tazama mama. Mama yuko wapi?"

Khavere akageuza shingo, akamwonyesha kwa kidole.

"Vizuri sana." Daktari akainua kadi na kuliziba jicho la kulia. "Na sasa?"

Kidole kilibaki hewani. Kisha mtoto, uso wake umejaa jua, akaurudisha mkono kifuani na kujiegemeza kwa mama yake, bila hofu, kama mtu anayekijua kitu hicho tangu zamani na anajua kwamba mshumaa utaletwa.

"Mama, stima imepotea," akasema.